Mbuzi Walirudi, Ndoa Haikuvunjika

Siku yangu ya kwanza kazini kama karani, Mahakama ya Mwanzo kule Handeni, nilipokewa na Hakimu Mfawidhi, mkuu wa mahakama ile, mama mnene mwenye sauti ya chini. Nilidhani ataniambia niandike vizuri na niwahi. Akasema, "Binti, mtu akiingia hapa analia, usimuulize kwanza nani kamkosea. Muulize anataka nini, halafu ujiulize kama hicho anachotaka ni chetu kukitoa."

Hicho ndicho kinaitwa mamlaka ya mahakama, yaani uwezo wa kisheria wa kusikiliza shauri fulani. Nyinyi vijana mnadhani Mahakama ya Mwanzo ni ya wezi wa kuku. Hata wazee wetu walidhani hivyo. Walikuwa wakishtuka kweli kusikia kwamba kale kajengo ketu kanaweza kuvunja ndoa na kugawa mali ya wanandoa, sawa na mahakama ya wilaya. Masharti yalikuwa mawili: wanandoa wapite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mali isigawiwe mpaka ndoa ivunjwe na mahakama. Si na ukoo, si na mwenyekiti wa kijiji. Mahakama!

Nikahamishiwa Korogwe. Hakimu wa pale alikuwa kijana kuliko mimi, mkavu, hacheki hovyo. Ndipo alipokuja Eliza, mama wa Kishambaa aliyeolewa Mnyuzi kwa ndoa ya kimila. Alisimama mbele ya meza yangu na kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kulima.

"Shikamoo dada karani. Nimekuja kudai nyumba yangu."

"Marahaba. Nyumba ipi, mama?"

Akaeleza. Yeye na mumewe walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma wenyewe, maji akibeba yeye kichwani. Kisha mume akamchoka. Ukoo wa Eliza ukarudisha mbuzi wa mahari, wazee wa pande zote mbili wakapeana mikono, na kijiji kizima kikajua ameachika. Akaondoka na sanduku lake, akapanga chumba Korogwe mjini. Alikwenda baraza la ardhi la kata, wakamwambia nyumba ya ndoa si kazi yao.

Nikampeleka kwa hakimu. Akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Talaka ulipewa na mahakama ipi?"

"Mheshimiwa, mbuzi walirudi."

"Nimesikia mbuzi. Nauliza mahakama."

Eliza akatikisa kichwa.

"Mama, siwezi kukugawia kitu leo. Kwa sheria wewe bado ni mke wa mtu."

Mama wee! Eliza alikaa chini pale pale, kwenye sakafu. "Mke wa nani? Yule aliyenifukuza? Mbona mnanirudisha kwake?" Alilia mpaka askari wa mlangoni akatazama pembeni. Mimi mwenyewe, na uzoefu wangu wote, nilimkasirikia hakimu. Niliona sheria imemkanyaga mtu aliyekwisha kuanguka.

Basi, akaanza upya. Baraza la usuluhishi likawaita, likashindwa kuwapatanisha, likathibitisha hivyo, naye akafungua shauri la talaka kwetu. Siku ya kusikilizwa mume alikuja amechana nywele, ametulia, na nyuma yake mfanyabiashara mmoja kutoka Mombo.

"Mheshimiwa," mume akasema, "sina ubishi juu ya talaka. Ila nyumba haipo tena kwangu. Nimemuuzia huyu bwana."

Eliza hakulia safari hii. Alimtazama hakimu.

Hakimu akauliza, "Uliuza kwa ridhaa ya nani?"

"Yangu. Huyu si mke wangu, nilishamwacha."

"Nani alivunja ndoa?"

"Ukoo, mheshimiwa. Mbuzi walirudi."

"Ukoo hauna mamlaka hayo. Siku unauza, huyu alikuwa mkeo. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali."

"Mungu wangu!" akapiga kelele yule mnunuzi, akamgeukia mume. "Si uliniambia huna mke?"

Na yule mume, niwe mkweli, hakuwa akijifanya. Uso ulimshuka. Alikuwa akiamini kabisa, kama kijiji kizima kilivyoamini. Ndipo nilipoelewa kwamba neno lile lile, "bado ni mke", lililomkalisha Eliza sakafuni ndilo limeiokoa nyumba yake.

Hakimu akavunja ndoa, kisha akagawa kwa kuangalia jasho la kila mmoja. Nyumba ikawa ya Eliza. Mume akapata shamba walilokuwa nalo Makuyuni, na kwa mapato yake akamrudishia mnunuzi fedha zake.

Sasa nimestaafu, na bado nasikia huku kwetu watu wakirudisha mahari wakidhani yamekwisha. Nashtuka kila mara kama ni mara ya kwanza. Nikiwaambia nendeni mahakamani, wananiona mama mchokozi.

Juzi juzi nilipita Mnyuzi, nikakaribishwa na Eliza kwenye nyumba ile ile. Nikamtania, "Hakimu wetu alikuliza, lakini leo unalala kwako." Hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Dada karani, nyumba nilipata. Lakini kabla sijaja kwenu, mbuzi wakiwa wamesharudi, mama mkwe alifariki. Nilimuuguza yule mama, nikimlisha kwa mkono. Siku ya msiba nilizuiwa mlangoni, nikaambiwa waliomo ndani ni wa familia. Nikakaa nje na wapita njia wakati wengine wanamwosha." Akanitazama. "Kumbe siku ile nilikuwa mkwe wake halali."