Mupaka Inafunga Saa Ngapi

Muntu mwenye kusema rafiki yangu njo alifungia mama yake ngambo, akuje aniseme ile mbele ya macho. Nitamupiga. Minye nilikuwa pale, najua vile ilipita.

Siye wawili tulijifunza Java, luga ya kuamuru kompyuta, peke yetu, ku ordinateur moja yenye batterie ilikufa. Courant ikienda, kazi imeisha. Tukatengeneza site ya kuonyesha saa mupaka ya Kavimvira inafunga, juu bamama ba hapa Uvira banauzishaka Bujumbura, ngambo ya mupaka, na bakubwa ba barrière banabadilishaka saa vile banapenda. Mama yake alikuwaka anapeleka mawese. Alikuwaka anaonyesha benzake telefone: "Muangalie, mutoto wangu njo anafungaka mupaka!" Banacheka paka kushika tumbo.

Ile saa tuliiweka mu Java fasi moja tu, constante: unaiandika mara moja, pages zote zinaisoma. Page kubwa tuliikopia mu video ya kufundisha, ikatembea bila siye kuelewa juu ya nini. Lakini page ya bamama, ile nyepesi ya telefone ndogo, ilikataa. Rafiki yangu aliandika jina ya constante ndani, ikatoka: "Mupaka inafunga saa", kiisha hakuna kitu.

"Weye unafanya nini?" nikamukalipia.

"Nimeandika bien! Kuja uangalie na ile macho yako makubwa."

Kweli, jina ilikuwa sawa. Ile hatukujua ni kama page haiendaki yenyewe mu Java kuokota kitu. Inaonaka tu vile Java inaipelekea, ao kitu unaionyesha njia yake.

Tukiwa tunagombana, mama yake akaingia, akaangalia ile fasi tupu, akauliza mutoto wake vile anamuitaka:

"Papa, mupaka inafunga saa ngapi? Ao leo hauijue?"

Rafiki yangu akasikia haya. Akafuta jina ya constante, akaandika na mukono wake: 18h, saa kumi na mbili ya mangaribi. Courant ikakatika. Na page ilikuwa inasema kweli. Nani angeigusa tena?

Kiisha bakubwa ba barrière balileta saa ingine: 15h, saa tisa. Tukabadilisha constante, page kubwa ikasema 15h, tukagongana mikono. Ile ya bamama haikuwa inasoma kitu mu Java. Ikabakia na 18h yake.

Mama alikuwa Bujumbura. Aliangalia telefone, akaona 18h, akabakia kumaliza kuuzisha mawese. Kufika ku barrière, imefungwa. Akatupigia.

"Papa, ni weye umenifungia?" Alikuwa bado anacheka. "Nitalala kwa shangazi yako, nitakuja asubui."

Asubui habakufungua. Vita ilikuwa imekaribia. Habakufungua siku ya kufuata, wala ingine. Mwanzo alikuwaka anapiga. Sasa tunaita, telefone yake haipatikane, na hakuna muntu mwenye anajua shangazi alihamia wapi.

Jirani mumoja akasema mu njia: "Informaticien ya kufungia mama yake!" Nilimukamata shati, ikapasuka. Rafiki yangu njo alinitoa.

Minye nikatafuta paka nikapata. Unaandika T, unafungua parenthèse, ile mabano, unaweka njia yote ya classe, ile sanduku ya constante, unafunga, unatia point na jina ya constante. Mustari moja tu! Nikamuita, nikaiweka mbele yake. Page ya bamama ikasoma Java.

"Sasa tuandike nini mu constante?" nikamuuliza. "Tuandike imefungwa?"

Akanishika mukono juu ya clavier.

"Apana. Kama mama anaangalia kule? Atasema ni kweli, minye njo nimefunga."

"Basi 18h?"

"Alishafuata ile 18h. Unaona fasi ilimufikisha."

Nikafuta ile 15h. Tukaacha constante tupu. Page ikaisoma bien, bila erreur, ikaonyesha: "Mupaka inafunga saa", kiisha hakuna kitu.