Zambarau Iliyogeuka Buluu

Mjomba wangu ana studio ya picha Ngara mjini, juu kidogo ya stendi. Nilipomaliza chuo na kazi niliyoitaka isipatikane, nikawa nashinda kwake. Yeye anapiga picha, mimi nashughulika na kompyuta na printa. Tunaelewana, ila maswali yangu yanamchosha. Akisema rangi imekaa vizuri, namuuliza imekaa vizuri kwa macho ya nani. Ukuta wa studio ni wa kijani kibichi, mlango unatazama barabara ya udongo mwekundu, na kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka kama taa ya lori. Katikati ya yote hayo, mtu anajuaje rangi anayoiona inatoka wapi?

"Kwa kuiona," mjomba hunijibu.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja kutoka Nyabusozi, kule Biharamulo, amebeba picha tuliyokuwa tumemsafishia. Familia yake ni Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na binti yake alikuwa ametoka kuolewa na kijana wa hapa Ngara.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Ndugu zangu mmewapeleka wapi?"

Akaitandaza mezani ile picha kubwa ya pamoja, iliyopigwa kwenye ngazi za kanisa. Juu yake akaweka kipande cha satini ya zambarau, kilichobaki baada ya kushona sare ya upande wake. Upande wa bwana harusi walivaa buluu. Kwenye picha yetu, watu wote walikuwa wa buluu.

Kosa hilo lisingekuwa kubwa kama si mtindo wa mjomba. Hapendi kupanga ndugu wa bibi harusi kushoto na wa bwana harusi kulia. Anasema wakikaa hivyo wanaonekana kama timu zinazosubiri filimbi. Kwa hiyo huwachanganya, shangazi wa huku kando ya baba mdogo wa kule. Sare ndizo zinazotenganisha. Sare zikifanana, upande mmoja umefutika.

"Mama mkwe wangu hakuweza kusafiri, miguu inamsumbua," mama alisema. "Tulipohama alituambia tunakwenda porini, tutaozesha mabinti bila watu. Watu wamekuja, wamejaza gari zima. Kesho asubuhi wifi yangu anarudi Shinyanga na picha hii. Bibi akiiona hivi, si atasema nimeozesha peke yangu kama yatima?"

"Nilipokutumia kwenye simu si ilikuwa zambarau?" mjomba aliuliza.

"Kwenye simu ilikuwa zambarau. Sasa nimtundikie simu ukutani?"

Mjomba akanitazama. "Haya, msomi. Siku yako ya maswali imefika."

Nilijua sehemu ya jibu. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, printa inatengeneza kwa wino, na kuna rangi ambazo mwanga unazifikia na wino hauzifikii. Zambarau kali ya satini ni mojawapo. Printa ilipoikosa, ikachukua jirani yake, buluu. Isitoshe, tulikuwa tumeanza boksi jipya la karatasi, lililopitia mpakani Rusumo kutoka Kigali, na hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba karatasi imebadilika.

Mama aliketi kwenye benchi kusubiri. Kwa bando la simu yangu nikapakua faili la vipimo vya karatasi ile kutoka kwa watengenezaji wake. Nikafunga mlango, nikapunguza mwanga wa kioo mpaka weupe wake ukafanana na karatasi tupu niliyoishika pembeni, kisha nikatundika shuka jeupe kuficha ukuta wa kijani.

"Sasa tunamzika nani?" mjomba aliuliza.

Niliiamuru kompyuta inionyeshe picha jinsi itakavyotoka kwenye karatasi ile, kabla ya kumwaga wino. Zambarau ikafifia mbele yangu na kuwa buluu, kama kwenye picha iliyokuwa mezani. Sikumbuki kama nimewahi kufurahia kosa kiasi kile. Nikaiamuru tena ifunike kwa kijivu kila rangi ambayo printa haitaifikia, na ukoo wote wa mama ukageuka kijivu. Zilibaki nyuso tu.

"Mungu wangu," mama alisema nyuma yangu. "Hapo sasa umewamaliza kabisa."

Nikamweleza kwamba zambarau yake haitapatikana kwenye karatasi hii. Kisha nikaanza tabia yangu. Nikatoa kitambaa nje juani, kikaelekea wekundu. Nikakirudisha chini ya taa, kikaelekea ubuluu. Nikamuuliza ipi ndiyo rangi yake ya kweli.

"Mwanangu, mimi sikuja kutafuta rangi ya kweli," alisema. "Nataka watu wangu waonekane."

Hapo kazi ikawa nyepesi. Nikaisogeza zambarau upande wa wekundu, ikakaribia damu ya mzee, ile rangi nyekundu iliyokoza. Mara ya kwanza nyuso nazo zikasogea, na mashangazi wakawa kama waliotoka kuota moto. Nikarudi nyuma, nikagusa nguo peke yake, nikiangalia kioo kikinionyesha karatasi itakavyokuwa. Nikajaribu kwenye kipande kidogo. Kilitoka kama nilivyokiona. Ndipo nikasafisha ile kubwa.

Mama aliweka kitambaa juu yake. "Siyo yenyewe," alisema. Mjomba akaguna. "Lakini hapa hatupotei."

Akaanza kuwapitia kwa kidole, safu moja baada ya nyingine. Huyu kaka yake, huyu shemeji, huyu mtoto wa mama mdogo aliyesinzia njia nzima. Kidole kikasimama kwa mama mmoja wa nyuma, mwenye gauni la buluu na kilemba cha zambarau.

"Huyu si wetu. Nani kamvika?"

"Ni shangazi wa bwana harusi," mjomba alisema. "Kilemba alikuja nacho mwenyewe."

Mama akaanza kuiviringisha picha taratibu.

"Basi na yeye nimemchukua," alisema. "Bibi hatamjua."