Gari Lililosubiri Maji Yajae

Siku ya kwanza ya kazi sikuendesha gari. Bi Zuhura alinifungulia lango la nyumba yake pale Kisauni, nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanionyesha gari lililoegeshwa chini ya mabati. Lilikuwa jeusi, refu, la Kijerumani, na tumbo lake lilikaribia kugusa sakafu. Nikadhani magurudumu yameisha upepo. Nikainama kuyatazama, nikaona yamejaa.

"Limelala," akasema. "Liwashe, halafu toka nje usubiri liamke."

Nikaliwasha. Likavuma kidogo, likainuka nyuma kwanza, kisha mbele, kama ngamia. Bi Zuhura alisimama kando na mkoba wake mkononi mpaka likatulia. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akakaa kitambo, akashuka.

"Zima sasa," akasema. "Leo nilitaka mjuane tu."

Magari mengi hukalia springi za chuma. Lile lilikalia mifuko ya hewa, yaani mpira mnene kwenye kila gurudumu, unaojazwa na pampu ndogo iliyofichwa mbele. Mifuko ikiwa mizima, hakuna gari linalopita barabarani kwa ulaini kama hilo. Ikianza kuvuja, hewa hutoroka gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi unalikuta limelala. Usiliondoe kabla halijainuka, na usiingize kichwa chini yake bila kuweka magogo. Hayo nilifundishwa wiki ya kwanza, nami nawafundisha wengine hadi leo.

Kabla ya hapo nilikuwa naosha magari Chaani. Nilimaliza darasa la nane tu. Marehemu mume wa Bi Zuhura alikuwa akilileta gari pale niliogeshe, na hakuna siku aliyoondoka kabla halijakauka. Alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini. Maisha yake yote aliyaona magari kama yale yakishuka melini kwenda kwa watu wengine, mpaka uzeeni akajinunulia moja, mtumba kutoka Japani. Hakulifaidi sana. Alipofariki, Bi Zuhura, ambaye hajui kuendesha, aliajiri dereva, akamwachisha kazi, akanikumbuka mimi.

"Yule wa kwanza alikuwa redio," aliniambia. "Nami redio ninayo nyumbani."

Mimi sikuwa msemaji, na sijawa. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Lakini nilijua kwamba gari likiuzwa, kazi yangu imeondoka nalo, na sikuona jinsi ambavyo ningekwenda kubisha hodi kwa watu nisiowajua kuomba nyingine. Kwa hiyo kila lilipougua nilitega sikio, nisikie kama Bi Zuhura atatamka neno la kuuza.

Raha za gari lile ni za kweli, nisije nikazidharau. Milango yake ilijifunga kwa sauti ya chini, na ukishafunga, kelele zote za barabarani hubaki nje. Kiti cha nyuma kilikuwa cha ngozi nyekundu, kipana, na Bi Zuhura alikikalia kama yuko chumbani kwake. Walinzi wa malango walitufungulia bila kuuliza. Polisi mmoja wa njia panda alizoea kutupigia saluti, mpaka siku alipoinama dirishani akamkuta mheshimiwa wake ni bibi mwenye mafungu ya mchicha mapajani. Hakuacha saluti, lakini tangu siku hiyo alipiga huku akicheka.

Tena gari lilisema. Kila ukiwasha, sauti ya mwanamke ilizungumza Kijapani, kwa upole, sentensi moja au mbili. Hatukuwahi kujua anatuambia nini. Bi Zuhura alimwitikia kila mara, "Abee."

Siku moja nilithubutu kumuuliza kwa nini.

"Mtu akikusemesha ndani ya gari lako utamnyamazia?" akasema. "Labda anatusalimu."

Gharama nazo zilikuwa za kweli. Sizungumzii petroli peke yake. Tukisimama sokoni, nyanya hupanda bei kabla hatujashuka. Fundi wa bomba akija nyumbani na kuliona pale chini ya mabati, hukohoa kwanza ndipo ataje bei. Mwishowe Bi Zuhura alikuwa akiniambia niegeshe mbali, kisha anatembea juani na kikapu, mtu mwenye gari la kifahari, ili auziwe kama watu wengine.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Fundi Kombo, mwenye gereji Changamwe. Yeye ndiye aliyenifundisha kutafuta mfuko unaovuja. Unachanganya sabuni ya unga na maji, unapaka kwenye mpira kwa brashi, kisha unanyamaza na kutazama. Penye tundu povu hupumua. Kombo alisema nina macho ya kazi hiyo, kwa sababu wengine hawawezi kunyamaza.

Alimwambia Bi Zuhura ukweli tangu mapema, mbele yangu.

"Mzee alilinunua kwa bei ya mtumba, Bi Zuhura. Lakini likiugua halijui kama ni mtumba. Linaugua kama jipya."

"Kwani wewe ukizeeka utaugua kwa bei nafuu?" akamjibu.

Kombo akacheka, akatengeneza. Safari moja alijaribu mfuko wa bei ya chini, ule wa mbele kushoto, na haukumaliza hata Ramadhani. Baada ya hapo tuliagiza ule halisi na kuusubiri. Gari likisubiri, mimi nilishinda gerejini nikishika spana, na jioni Kombo alikuwa akiniuliza, "Utakuja lini ukae hapa moja kwa moja?" Nilikuwa nikimjibu kwamba siwezi kumwacha Bi Zuhura na gari la marehemu. Mtu aliyefiwa haondolewi dereva. Tangu hapo nililiogopa neno la kuuza kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo dereva wa siku hizi hatalijua. Dada yake Bi Zuhura, Bi Mize, anakaa Likoni, na tulikuwa tukivuka kwenda kwake kila Ijumaa. Wakati huo njia ya kuzungukia Dongo Kundu ilikuwa haijafunguliwa yote, kwa hiyo hapakuwa na njia ila feri. Gari la chini kama lile halipandi feri saa yoyote. Maji yakijaa, unaingia taratibu na hakuna kinachogusa. Maji yakipwa, unateremka gati lenye mteremko mkali, kisha pale penye ulimi wa chuma wa feri pua ya gari inakutana na chuma. Ubaya zaidi ni siku za bamvu, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mchanga na mpevu, bahari haina haraka na unaweza kuvuka ukiwa umetulia.

Mimi kwetu Utange, watu wa mashamba na machimbo ya mawe, hayo sikuyajua. Bi Zuhura aliyajua kama anavyojua swala zake. Akitoka nje asubuhi, kabla ya kuuliza mafuta, husema, "Leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu uandame, nami ilibidi niwe na jibu. Zilikuwepo Ijumaa tulizokula kwa Bi Mize, tukamaliza, tukanywa kahawa, tukaishiwa na mazungumzo, na bado tunasubiri maji yajae ndipo gari liweze kwenda nyumbani.

Ikaja harusi ya mjukuu wa Bi Mize. Bwana harusi alikuwa mtu wa Kisauni, na Bi Mize alishawatangazia watu kwamba bibi harusi atatoka Likoni kwa gari la marehemu mume wa Bi Zuhura. Siku ilipangwa na wazee wa pande zote mbili. Bi Zuhura alipoletewa habari alihesabu kwa vidole.

"Wametazama mpishi," akasema, "wametazama ukumbi. Maji hakuna aliyeyatazama."

Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, bamvu lenyewe, na bibi harusi alitakiwa afikishwe kwa wakwe kabla ya adhuhuri, wakati ambao maji yamekauka kabisa. Nilitaka kusema tukodi gari jingine. Sikusema. Nilidhani nikilikosesha gari harusi ile, nitakuwa nimeanzisha maneno ya kuliuza.

Alfajiri tulivuka vizuri, maji yamejaa. Kurudi, gati lilikuwa refu na lenye utelezi. Nyuma waliketi bibi harusi, Bi Zuhura na shangazi mmoja. Nikateremka kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine, kama nilivyozoea. Pua ikapita. Nikashusha pumzi. Magurudumu ya mbele yakiwa yameshapanda ulimi, nikasikia kishindo nyuma, na gari likakaa chini. Nusu ilikuwa kwenye feri, nusu kwenye gati.

Mwanamke wa Kijapani akaanza kuzungumza. Siku hiyo alizungumza muda mrefu.

"Abee, mama," akasema Bi Zuhura. "Tumesikia."

Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Malori yalikuwa nyuma yetu, na watu wa miguu walikuwa wamejaa kando, wote wakinitazama. Kijana mmoja wa mkokoteni akaegemea dirisha langu.

"Dereva, hili gari au sofa? Mbona limekaa?"

"Ni sofa," nikamjibu. Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Watu wakacheka, na waliocheka ndio walioliinua. Wachukuzi walishika nyuma, wakaitikiana, wakalirudisha gatini ili feri iondoke. Bibi harusi alipanda feri kwa miguu, wanawake wakimshikia nguo isiguse chini, ng'ambo akachukua tuktuk, na akafika kabla chakula hakijapakuliwa.

Nilimwambia Bi Zuhura aende nao.

"Nikuache peke yako na watu wote hawa?" akasema. Akarudi kukaa kwenye kiti chake cha nyuma, gari likiwa limelala pembeni ya gati, akatoa sambusa kwenye mkoba, akanipa mbili. Tukasubiri maji yajae ndipo gari la kuvuta liweze kutupitisha. Saa zote zile hakuna kati yetu aliyelitaja neno la kuuza, nami niliona ukimya ule mzito kuliko gari.

Baada ya harusi tulikwenda gereji pamoja. Kombo alikuwa ameshapaka sabuni kila mahali.

"Mifuko yote minne," akasema, "na pampu."

Bi Zuhura akanigeukia. "Wasemaje, Kahindi?"

"Utakavyo wewe, Bibi."

"Basi litengenezwe," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Litengenezwe," nikasema nami.

Kombo akaweka spana chini. "Hapana. Leo nasema mimi. Bi Zuhura, baada ya Idi ulikuja hapa peke yako. Uliniambia nini?"

"Kombo, nyamaza."

"Ulisema ungeliuza tangu zamani, ila huyu kijana atakwenda wapi, maana hata kuomba maji ya kunywa anaona haya. Na wewe Kahindi, mara ngapi nimekuita uje ushike spana, ukaniambia huwezi kumwacha bibi na gari la marehemu? Nyinyi wawili mnanilisha vizuri, wallahi. Lakini sasa mimi ndiye ninayeona haya."

Bi Zuhura akanigeukia tena.

"Ni kweli alikuita, mwanangu?"

"Naam, Bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mfuko wa mbele kushoto."

"Mfuko wa mbele kushoto," akasema. Akajifunika uso na upande wa leso, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kisha nikasikia kicheko. "Na mimi miaka yote hii natembea juani na kikapu. Mume wangu angenicheka kweli."

Nikahisi kama nimetuliwa gunia la mawe ya machimbo ya kwetu mgongoni. Kombo alikwenda kutafuta viti. Bi Zuhura hakutaka kiti cha gereji.

"Gari liondoke," akasema. "Lakini kile kiti cha nyuma nakitaka."

Gari lilichukuliwa na mtu anayetengeneza magari ya aina hiyo, atumie viungo vyake kuyafufua mengine. Kabla halijaondoka nililiwasha mara ya mwisho, na nilipotamkiwa Kijapani nikaitikia, "Naam."

Sasa nafanya kazi kwa Kombo. Vijana wenzangu huja na picha za magari kama lile kwenye simu zao, wakiniuliza kama yafaa. Yafaa, nawaambia. Ulizeni bei ya mfuko wa hewa kabla ya kuuliza bei ya gari. Na kama mtakaa nalo miaka, msikae nalo kimya. Anayeliendesha na anayeligharimia waambiane mapema kwa nini kila mmoja bado analishikilia.

Ijumaa napita Kisauni. Kiti chekundu kipo barazani, nilikitengenezea miguu ya mbao, na kila mgeni anataka kukikalia. Ijumaa iliyopita nilimkuta Bi Zuhura amerudi kutoka kwa Bi Mize. Alikuwa amevuka feri kwa miguu, akapanda tuktuk mpaka mlangoni, na nyanya alizonunua njiani zilikuwa kwenye kikapu pembeni yake.

"Leo maji yalikuwa yamejaa au yamepwa?" nikamuuliza, kwa mazoea tu.

Akafikiri, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa.

"Wallahi, sikuyatazama," akasema.