Fulana Nyekundu ya Mwokoaji

Ningekataa ile fulana nyekundu, leo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Sikitungi. Mambo haya niliyaona mchana, jua likiwaka, na sikuwa nimekunywa chochote ila chai.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa mlinzi wa hoteli moja ya ufuoni, Doha. Ijumaa moja mwokoaji wa waogeleaji aliugua. Supavaiza wetu, Mganda, akanitupia fulana ya huyo mgonjwa na kipenga chake.

"Mzee, vaa hii. Bendera nyekundu iko juu, upepo mkali, nani ataogelea leo? Wageni wakiona fulana wanatulia."

Mimi ni mtu wa Machakos. Maji mengi niliyowahi kuingia yalinifika magotini. Nilijua jibu la kweli ni "Siwezi." Nikasema, "Sawa, bosi."

Mdogo wangu Kioko, tuliyeishi naye chumba kimoja Industrial Area, mtaa wa vibarua hukohuko Doha, alikuwa na mapumziko. Nikamwingiza kwa lango la wafanyakazi aje aone bahari. Aliponiona juu ya kile kiti kirefu alicheka hadi akakaa mchangani.

"Kaka! Wewe ndiye wa kuokoa watu? Si hata karai la kuoga lilikuwa linakushinda?"

"Nyamaza. Na usiingie majini."

"Niogope nini, na wewe uko?"

Niamini, maneno hayo ndiyo hunikosesha usingizi.

Adhana ya Ijumaa ikalia, ufuo ukabaki mtupu. Kioko alikuwa akitembea ukingoni, viatu mkononi. Mara akasimama, akatazama baharini kama mtu aliyeitwa. Nikafuata macho yake.

Mbali kidogo, maji yakimfika kifuani, alisimama mtu mwenye fulana nyekundu. Alikuwa na upara wangu. Alikuwa na bega langu la kushoto, lililoinama tangu nilipolivunja ujanani. Alikuwa mimi. Mawimbi yalimpitia bila kumtikisa, naye akipunga mkono polepole: njoo, njoo.

"Nakuja, kaka!" Kioko akamwitikia.

Ungefanya nini? Nilipuliza kipenga mpaka mate yakakauka. Nikaruka chini, nikakimbia, nikaita jina lake. Upepo ukanirudishia sauti usoni. Hakugeuka. Ageuke kwa nini, na kaka yake yuko mbele? Maji yaliponifika kiunoni mkondo ukaninyang'anya mchanga chini ya miguu, nikang'ang'ania kamba ya maboya inayowawekea waogeleaji mpaka. Hapo ndipo nilipobaki, mwokoaji asiyejua kuogelea, nikikitazama kichwa cha ndugu yangu kikizama, kikiibuka, kikizama. Yule mwingine alinikazia macho. Kisha hakuwepo.

Kioko alitolewa majini alasiri, amekwisha kufa. Mtunza bustani mmoja, Mnepali, aliyetazama yote kutoka uani, aliniuliza kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga: nilitokaje kule mbali nikafika kwenye kamba upesi hivyo?

Nimezeeka bila kuvaa nyekundu tena. Nikinyoa ndevu natazama kidevu tu, sitazami uso wote.

Wewe unayekwenda kuogelea, bendera nyekundu ikiwa juu baki nchi kavu, hata akuite mtu wa tumbo moja nawe. Na ukipewa kazi usiyoiweza, sema huiwezi. Mimi niliona aibu kulitamka neno hilo moja. Aibu hiyo ilinigharimu Kioko, kitinda mimba wa mama yangu.