Kuku wa Kumhemba Dada

Nimeishi Kigoma, Uvira na kwingine nisikotaka kukumbuka, na kila nikikutana na mtu wa kwetu huanza kusifu zamani: watu walivyojaliana, mzazi alivyotembelewa, mfiwa alivyokaliwa matanga. Nami huukumbuka mji wetu wa Rumonge, na harufu ya mawese yakichemka, hadi natamani kupanda gari siku hiyohiyo. Halafu namkumbuka yule kuku.

Ilikuwa wakati wa vita. Dada yangu alikuwa amejifungua juzi tu. Mumewe, aliyekwenda Gatete kununua mawese, aliuawa njiani na kuzikwa hukohuko, haraka, maana risasi zilikuwa bado zinalia milimani. Habari ilipofika, wakubwa wa mtaa wakakata shauri kwamba mzazi asiambiwe: maziwa yatakauka, mtoto atakufa. Tumhembe, wakasema, yaani tumpelekee chakula na kumshangilia kama mzazi yeyote. Kilio kitasubiri.

Mama mkubwa, aliyemzalisha dada, na ambaye pia ndiye aliyeosha maiti za wanawake mtaani, alikataa. Wakamwambia yeye ni mmoja, wao ni wengi.

Basi wakaja. Sijaona waigizaji wabovu kama wale. Mmoja alicheka kila alipovuta pumzi. Mzee wa kanisa aliisifu pua ya mtoto huku akitazama paa. Watu ambao vita viliwafunza kuficha hata chumvi waliingia na ndizi, ndagala, wale dagaa wa ziwani, na uji wa mtama. Jirani wa ukuta mmoja alileta kuku mzima wa kuchemsha, na miguu yake.

Dada alimtazama kuku, kisha jirani.

"Amahoro, mama," jirani akasema. "Kula, mutoto apate maziwa."

"Bwana wangu iko wapi?"

"Si unajua barabara ilivyo. Kesho atafika."

"Tangu nihamie hapa hujanipa hata kaa la moto. Leo unanipa kuku. Bwana wangu amekufia wapi?"

Mzee wa kanisa akakohoa. Yule wa kucheka akacheka tena, kwa mazoea.

Mama mkubwa akapanda kitandani, akakaa nyuma ya dada na kumwegemeza kifuani, kama alivyomshika siku ya uchungu. "Njia ya Gatete," akasema. "Wamemuzika hukohuko. Lia, mwanangu, lakini mutoto usimutoe kwenye ziwa."

Dada akalia. Mtoto akaendelea kunyonya, akimeza kwa sauti, bila kuwa na habari na shauri la wakubwa.

Ndipo wakubwa hao walipotoka kwenda uani na kuangua kilio, wakishikana mabega, kana kwamba wao ndio waliofichwa. Jirani alibaki mlangoni. Akauliza kwa sauti ya chini: kwa kuwa sasa ni msiba, kuku abaki au arudi naye?

"Mwache hapo," mama mkubwa akamjibu bila kugeuka. "Kwani huyu ameacha kuwa mzazi?"

Dada alimla huku akilia, hadi miguu.