Telegramu ya Kumpeleka Babu

Nikivuka Kigongo mpaka leo, kivuko kikigusa tu upande wa Busisi, najitanda kitenge mpaka machoni, na msinicheke, maana kule kuna kijiji kizima kinachonijua kwa jina la Mama Telegramu, na jina hilo sikuonewa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imeingia kwa kishindo, nasi vijana sita tulikuwa na meza zetu za nguo pale Mabatini, tukajiona tumefika. Mmoja wetu tulimwita Babu (kipara kilimtoka akiwa kidato cha pili, atafanyaje), mtoto wa mjini huyo, hajawahi hata kuona ng'ombe akikamuliwa. Basi tukapanga likizo, siku tatu shambani kwa shangazi yangu huko ng'ambo, na mwezi mzima wimbo ukawa mmoja, tunampeleka Babu shamba, tunampeleka Babu shamba. Mratibu wa safari mimi, nani mwingine, ndiye niliyekuwa na mdomo na kalamu.

Sesilia wa meza ya jirani alinishauri nimwarifu shangazi kwa barua. Nikamwambia barua ni za wazee, mimi natuma telegramu. Pale posta nikaandika: TUNAMLETA BABU JUMAMOSI TUKO SITA ANDAENI MAHALI. Sesilia akachungulia begani kwangu.

"Ongeza 'rafiki yetu'," akasema. "Shangazi atamjuaje?"

"Hii ni telegramu, Sesi, si barua ya posa. Ikiwa ndefu inapoteza heshima."

Sasa, jambo ambalo mimi mwenye akili nyingi sikulifikiria ni kwamba babu yangu mwenyewe, baba yake shangazi, alikuwa kwetu Ilemela akitibiwa mguu, na kule kijijini telegramu haijawahi kuleta habari ya kheri hata siku moja. Tena yeye na shangazi walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili, kisa ukanda wa shamba la mihogo, kila mmoja anadai mpaka umemmega, na mzee aliondoka kwenda hospitali bila kuagana na binti yake.

Jumamosi tukakodi pikapu, tukavaa kofia za ukindu na miwani ya jua, kaseti inapiga kwa sauti ya juu kabisa, na nyuma tukafunga godoro langu nililoliviringisha ndani ya blanketi (mimi silali chini, nilishasema). Tulipokaribia nikaona watu wamejaa uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, masufuria makubwa yako motoni, nikawaambia wenzangu kwa kujivuna, "Mnaona? Telegramu hiyo inafanya kazi."

Pikapu haijasimama sawasawa, kilio kikapasuka. Shangazi akapanda nyuma, akalikumbatia lile godoro, akalia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia. "Baba, nisamehe. Chukua shamba lote, baba, mpaka ni wako." Nami nimeduwaa na miwani yangu, kaseti inaendelea kuimba, hakuna anayekumbuka kuizima. Ndipo rafiki yetu, kwa adabu zake zote, akavua kofia, kipara kikang'aa.

"Shikamoo shangazi. Babu ni mimi."

Shangazi akamtazama, akalitazama godoro, kisha akanigeukia mimi huku anavua kandambili.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Yuko Ilemela, shangazi. Asubuhi nimemwacha anakula sato."

Nilichapwa, sikatai, lakini kilichoniliza si kandambili, ni kumwona mtu mzima amekaa vumbini, anacheka na kulia kwa pamoja. Nilitamani ardhi inimeze, na kweli nyuma ya nyumba ilikuwa imeshafunguliwa tayari, wanaume walimaliza kuchimba tangu asubuhi. Likizo yetu ikaanza kwa kufukia kaburi, na jembe la kwanza akapewa Babu (ng'ombe alimwona, kwa mbali).

Niliporudi mjini nilikwenda kumweleza babu mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza, mguu kaunyoosha juu ya kigoda.

"Mke wangu," akasema (ndivyo anavyonitania), "hilo kaburi walichimba wapi?"

"Palepale mnapogombania, babu. Kwenye ule ukanda."

"Nani aliwaonyesha?"

"Shangazi mwenyewe. Alisema ni kwako, ukalale kwako."

Mzee akaupapasa mguu wake, akajifuta macho na kusingizia moshi wa jikoni. Halafu akaniambia nitafute gari, Jumamosi anakwenda kwa binti yake.

"Ila taarifa," akasema, "atatuma yule mwenzako Sesilia."

Sesilia akaandika barua, kurasa mbili nzima, akataja kila abiria kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, na mwishoni akapigia mstari kwamba wote ni wazima na mzee atakaa mbele na dereva. Mimi kazi yangu ilikuwa kulamba stempu, na tangu siku hiyo sijaomba kazi kubwa zaidi ya hiyo.