Kidole cha Waya Nyuma ya Friji

Nilikosea mtu, na kosa ni langu peke yangu. Lakini kabla nifike hapo niwaambie kwanza habari ya mbwa. Mnivumilie, mimi ni mzee, shule niliacha darasa la tatu, na mambo hunijia kichwani vile yanataka yenyewe.

Baba yangu alichunga kondoo za mzungu, huko juu mahali sasa ni ngano tupu. Alikuwa na mbwa anaitwa Popi. Popi alibwekea watu, akabwekea ukungu, akabwekea hata kivuli chake mwenyewe. Halafu wiki moja akanyamaza kabisa, na kondoo wawili wakapotea.

Baba akasema, mbwa hamnyamazii mgeni, anamnyamazia mtu anamjua. Akaamua jirani amemlisha dawa na sasa wanaiba pamoja, mbwa na jirani! Alimpiga Popi na fimbo mpaka akatoroka. Siku ya tatu tukampata kwa mtaro, amekufa. Mama ndiye alimfungua mdomo. Mfupa ulikuwa umesimama pale kooni, umekwama.

Hakuna mtu alikuwa amemwangalia mdomo. Wiki nzima ilienda na hakuna.

 Baba alichukua shoka akaenda kupasua kuni, na kuni zilikuwa zimejaa nyumbani. Mimi kijana nikajiambia, nikiwa mkubwa sitakuwa mjinga namna hii. Woi! Mungu alikuwa anasikia.

Sasa nije kwa pombe.

Mimi ni wa hapa Langas, mtaa wa Eldoret, miaka mingi, na mama wa nyumbani kwangu, yaani mke wangu, anauza maziwa. Juzi, si juzi sana, ni Julai mbili zimepita, kitinda mimba wetu alikuwa anaenda kulipa mahari. Sisi Wakikuyu huwezi kwenda kwa wakwe bila muratina, ile pombe ya asali inaamshwa na yale matunda makavu. Chifu alijua, ilikuwa ya sherehe tu.

Muratina inataka joto. Zamani tuliiweka kwa kibuyu kando ya moto wa kuni, inalala hapo kama paka. Siku hizi tunapikia gesi, na Julai ya Eldoret mnaijua wenyewe, maji ya bomba yanauma meno.

Basi nikamwita rafiki yangu. Nitamwita Kirwa, si jina lake. Mkalenjin wa Kesses, fundi wa stima, amezeeka kama mimi. Huyu mtu, ule mwaka wa fujo za kura, alitufungia mimi na mama na watoto ndani ya stoo yake ya mahindi siku nne. Yeye akakaa mlangoni nje, akichonga mpini wa jembe. Wakipita wale vijana wa fujo wanauliza Wakikuyu wako wapi, anasema, "Mnaona niko na kazi." Siku nne akichonga mpini mmoja. Ulipoisha kazi ulikuwa mwembamba kama kijiti cha meno.

Kirwa alinitengenezea mkanda wa kupasha joto, unaufunga pipa kiunoni kama mshipi. Mkanda una kisanduku, na kwa kisanduku kunatoka waya mwembamba wenye kichwa cha chuma, kama kidole cha mtoto. Hicho kidole akakibandika na utepe kwa ubavu wa pipa, akakifunika na kipande cha godoro.

"Mzee wa asali," akaniambia, "hiki ndicho kinaonja. Kikiona baridi, mkanda unawaka. Kikiona joto, unazima. Usikitoe hapa."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Mtoto angesikia."

Tukacheka mpaka mama akatoka kuuliza kama tumeanza kuonja.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili nikafungua pipa kuangalia matunda. Pipa lilikuwa na jasho, utepe ukatoka, ule waya ukabaki unaning'inia. Nikaona ni waya umezidi tu. Nikausukuma nyuma ya friji ya maziwa, mama asije akajikwaa. Nikafunga godoro vizuri. Nikajisifu hata!

Mgongo wa friji, wewe unajua, uko na joto mchana na usiku.

Jumanne nikaweka sikio kwa pipa. Pombe ikiwa hai inasema, ssss, kama mvua iko mbali kwa mabati ya watu wengine. Hii haikusema. Nikashika mkanda, baridi. Nikabadilisha fyuzi. Nikachomeka redio kwa hiyo soketi, redio ikaimba. Nikahamisha mkanda soketi ingine, nikapigapiga kisanduku, ile taa yake nyekundu ikakataa kuwaka. Niliangalia kila kitu, wapendwa, isipokuwa kile nilishika na mkono wangu mwenyewe.

Nikakaa kwa stuli nikitazama hilo pipa. Lilikuwa limenyamaza vibaya. Nyumba yote ilikuwa kama inangoja kitu.

Ndipo maneno ya baba yakanijia, kwamba pombe hukataa kupanda mahali pameingia moyo mchafu. Maneno ya mtu aliyeua mbwa!

Jumatano wazee wawili wa ukoo wakaja kuonja. Mkubwa wao, mwenye fimbo nyeusi, akatema chini.

"Hii ni maji ya sukari. Nani ameshika hili pipa?"

"Mimi. Na Kirwa."

"Kirwa gani?"

"Fundi."

"Wa huko?" Akaonyesha Kesses kwa kidevu.

Hapo ndipo ningesema, huyu ndiye alichonga mpini. Maneno yalikuwa mdomoni, yamefika kwa meno. Lakini nilikuwa nimeogopa aibu ya kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na mtu akiogopa aibu anatafuta wa kumpa.

Nikasema, "Ndiyo. Wa huko."

Mzee wa fimbo akatikisa kichwa polepole. "Basi pombe imejibu."

Na Kirwa huyo akaingia, mwenyewe, na testa yake ya kupima stima kwa mfuko wa koti! Mama alikuwa amempigia simu bila kuniambia.

"Chamgei, hamjambo wazee! Nimeambiwa mgonjwa hasemi. Mzee wa asali, umempa chai ama umemtolea macho tu?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nikasimama mbele ya pipa.

"Usiguse," nikamwambia.

"Nisiguse nini?"

"Wazee wanasema moyo wako haukuwa safi ulipoishika."

Akatabasamu kwanza, akidhani ni mchezo wetu. Akaangalia wazee. Akaniangalia mimi. Lile tabasamu likatoka taratibu. Halafu macho yake yakapita bega langu, yakafika kwa friji.

"Hicho kidole," akasema, "nani alikitoa kwa pipa?"

Nikageuka. Nikauona waya. Ndugu zangu, nilielewa yote hapo hapo! Niliuona kama ule mfupa kooni mwa Popi. Ilibaki niseme maneno mawili tu, ni mimi.

Nikasema, "Hakuna mtu amekitoa. Kilikuwa hapo vile ulikiweka."

Nilidanganya mbele ya wazee na nikijua. Hilo ndilo ungamo langu. Kukosa kujua ni ujinga, na ujinga Mungu anausamehe. Lakini mimi nilijua.

Kirwa akasema, "Sawa." Neno moja tu. Akatoka.

Wazee walipoenda nikarudisha kidole kwa pipa, nikakifunika na godoro. Taa nyekundu ikawaka kama jicho la mtu ametoka kulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chombo cha maziwa.

"Wewe unajua," akaniambia.

"Najua nini?"

 Aliendelea kupima maziwa ya wateja.

Alhamisi jioni pombe ikaanza kusema. Ijumaa ilikuwa inaimba. Na hapo ndipo ubaya ukapata miguu, kwa sababu mzee wa fimbo alikuja, akaweka sikio, akapiga goti lake kofi. "Mmeona! Yule fundi ametoka, pombe imepanda!" Ushahidi ukapatikana, na ni mimi nilitengeneza huo ushahidi na mkono wangu, chini ya godoro.

Maneno yakazunguka Langas yote. Mpaka leo kuna nyumba haziwezi kumwita Kirwa kurekebisha hata balbu. Wanasema fundi wa macho mabaya. Mtu anaweza kuniuliza mbona sijasema ukweli. Nilingoja wiki ipite, halafu mwezi. Uongo ukikaa sana unakuwa mzee, na sisi tunaogopa kumkatiza mzee akisema.

Nimefika Kesses mara tatu. Bibi yake husema, "Hayuko, Mzee," na viatu vyake viko hapo mlangoni, vimefutwa vizuri. Na mwaka ujao ni wa kura tena. Nimeanza kusikia vijana wakiongea ile sauti ya chini. Nalala nikiuliza, safari hii nani atakaa mlangoni akichonga mpini?

Wewe unayesoma, kitu kikinyamaza kwako, kiwe pombe, kiwe mtoto, kiwe ndoa, usitafute wa kufukuza. Kwanza fungua mdomo uangalie. Na ukikuta ni mkono wako, sema siku hiyo hiyo, hata kama wazee wamekaa! Kesho yake haitakuwa rahisi. Huo uongo utakuwa umeota miguu.

Nimalizie na ile Jumamosi ya kupeleka mahari, kwa sababu hapo ndipo huwa nasimama hata nikiwaza peke yangu.

Gari lilikuwa limepakiwa, pipa limefungwa kamba. Wazee wamesimama duara uani, pembe ya pombe inazunguka ya kubariki safari, na mimi ndiye nilikuwa napeleka. Kirwa akaingia langoni. Amevaa suti yake ya kanisa, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao, cha kupelekea wakwe zangu. Alikuwa amealikwa, nilimwalika mimi, kabla. Akasimama kwa duara mahali palikuwa wazi.

Pembe ikafika kwake. Nilikuwa naishika, nimeiona mikono yake imeinuka kupokea.

Nikaipitisha. Nikampa mtu wa pili.

Kirwa akashusha mikono. Akaweka kibuyu chini kwa ngazi ya mlango, pole pole, akakihakikisha kimesimama. Akavaa kofia. Akatoka langoni akashika njia ya barabara kubwa, hatua za kawaida tu, kama mtu amemaliza kazi. Mimi na pombe yangu tukabaki tukingoja ageuke.

Hakugeuka. Na hajawahi kurudi.